Queen II (1974): nini kiliwakomaza hawa vijana haraka hivi kati ya albamu ya kwanza na ya pili?

#1 MzeeWaSanturi
Wakuu habari zenu. Wiki hii nimekaa na albamu mbili za mwanzo za Queen, nasikiliza moja baada ya nyingine bila kuruka wimbo, na kuna kitu kinaniumiza kichwa naomba tukijadili. Albamu ya kwanza, yenye jina la bendi tu, ilitoka Julai 1973. Ya pili, Queen II, ikatoka Machi 1974. Hapo katikati ni miezi minane. Sasa ukisikiliza ya kwanza unasikia vijana wenye vipaji, gitaa kali, sauti kali, lakini bado kila kona unawasikia Led Zeppelin, wakubwa wa rock wa wakati ule. Ukiweka ya pili unakutana na watu wengine kabisa. Pande mbili za santuri haziitwi Side A na Side B, zinaitwa White na Black. White karibu yote ni ya Brian May mpiga gitaa, Black yote kaandika mwimbaji Freddie Mercury peke yake, na nyimbo zinaingiana yaani hujui moja imeisha saa ngapi na nyingine imeanza saa ngapi. Makwaya yamerundikwa juu ya makwaya, magitaa yanalia kama okestra nzima, halafu hakuna kinanda cha umeme cha synthesizer hata kimoja, wenyewe wameandika kwenye kava kwamba hakuna aliyepiga.

Na hawa walikuwa vijana wadogo. Wanaingia studio Agosti 1973 Freddie ana miaka 26, John Deacon wa besi ndo kwanza anatimiza 22.

Mi nasema hakuna bendi ya rock ya Uingereza iliyokomaa kiasi hiki kwenye albamu ya pili. Swali langu, nini kilitokea pale katikati?

#2 Kilimahewa
Naweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

#3 BesiNzito
Mkuu jibu ni rahisi, jukwaa. Walizunguka Uingereza wakifungua shoo za Mott the Hoople, bendi iliyokuwa na jina kuliko wao, kila usiku mbele ya watu ambao hawakuja kwa ajili yao. Ukitaka kumkomaza mwanamuziki mpe mashabiki wa mtu mwingine, atajua tu wapi anachosha na wapi anashika watu. Wakarudi studio wakiwa wameiva.

#4 Tarehe_Kwanza
@BesiNzito hiyo ziara ya Mott the Hoople ni Novemba na Desemba 1973. Queen II ilirekodiwa kuanzia Agosti. Kwahiyo wakati wanapanda jukwaa la Mott kazi ya studio walishaifanya. Ziara haiwezi kukomaza albamu ambayo tayari ipo kwenye mkanda.

Na @MzeeWaSanturi hiyo hesabu ya miezi minane inapotosha. Albamu ya kwanza ilitoka Julai 1973 ndiyo, ila kurekodi ilikuwa 1972, na wimbo mmoja, The Night Comes Down, wameuchukua kwenye demo ya mwishoni mwa 1971. Ikakaa kabatini kwa sababu kampuni za rekodi zilikuwa hazijakubali kuwachukua. Kwahiyo unapolinganisha hizi mbili unalinganisha vijana wa 1972 na vijana wa nusu ya pili ya 1973. Siku ya kwanza inafika dukani, kwao ni kitu cha zamani.

#5 BesiNzito
Kwani kabla ya Mott walikuwa hawapigi shoo? Walianza 1970, Deacon kaingia 1971, wamepiga vyuoni na kumbi ndogo ndogo miaka yote hiyo. Jukwaa ni jukwaa.

#6 FundiMitambo
Ngoja niseme kitu maana hii ndo kazi inayonilisha.

Watu wanatafuta sababu kubwa wakati sababu iko kwenye ratiba ya studio. Albamu ya kwanza walirekodi Trident, pale Soho London, ila hawakuwa wateja wa kulipa. Walikuwa chini ya kampuni ya Trident yenyewe, kwahiyo walipewa masaa ambayo hakuna mtu. Trident ndo ile ile aliyorekodi David Bowie na Elton John, sasa we kijana usiye na jina unakaa unasubiri wakubwa wamalize ndo uingie usiku wa manane, unaimba umechoka, unarekodi kipande leo kingine wiki ijayo, spika zimebadilishwa, maiki imehamishwa. Ndo maana ile ya kwanza kila wimbo una sauti yake, ngoma zingine kavu kabisa na Roger Taylor, mpiga ngoma wao, alilalamikia sana.

Kwenye Queen II wakapata muda wao halali, mchana, mfululizo. Prodyuza ni Roy Thomas Baker ambaye walishamzoea tokea ya kwanza. Hapo ndo unaweza kukaa siku nzima unapanga sauti ya tatu juu ya ya pili, unasikiliza, unafuta, unarudia. Kwaya ya Queen ni watu watatu, Freddie, Brian na Roger, wanaimba mstari mmoja pamoja, wanarudia, wanarudia tena, halafu wanahamia mstari unaofuata. Huwezi kufanya hivyo saa nane usiku huku unaangalia saa.

Ushahidi: Ogre Battle. Freddie alishauandika kabla na walikuwa wanaupiga jukwaani, lakini hawakuuweka kwenye albamu ya kwanza, wakausubirisha mpaka wapate uhuru studio. Sikiliza ulivyoanza, ule mwanzo ni mwisho wa wimbo umegeuzwa unachezeshwa kinyumenyume. Mtu anayeibia ibia muda hafanyi mchezo wa namna hiyo.

Mimi nilishawahi kurekodi na kikundi cha vijana tukipewa masaa ya usiku baada ya msanii mkubwa kuondoka, na mwimbaji wetu alikuwa hatari jukwaani, lakini ukisikiliza ile kazi unasikia usingizi. Tulipokuja kupata siku tatu za mchana kwa wiki, mtu yule yule, kinasa kile kile, tofauti ikawa kubwa mno.

#7 Kilimahewa
@FundiMitambo asante sana mkuu, hili la Ogre Battle sikulijua.

#8 NaiRockhead
Sasa wadau. Fundi nimekuelewa lakini hiyo story haitoshi. Sisi tulikuwa na bendi hapa Nairobi, EP ya kwanza tulirekodi kwa haraka sana na watu wakaipenda, ya pili tukapata muda mwingi na ikatoka vibaya. Tulikuwa tunaongeza tu, gitaa juu ya gitaa, hakuna mtu wa kusema hapo inatosha. Muda mwingi bila wazo ni hasara. Angalia The Stone Roses, albamu ya kwanza 1989, ya pili, Second Coming, ikatoka Desemba 1994. Zaidi ya miaka mitano buda! Na watu wengi bado wanachagua ile ya kwanza.

#9 Tarehe_Kwanza
@NaiRockhead Stone Roses walikuwa na kesi mahakamani na Silvertone, kampuni yao ya mwanzo, sio kwamba miaka yote hiyo walikuwa studio. Ila hoja yako naiona.

#10 MtotoWaMkunazini
Assalam alaykum. Nyinyi mnazungumza habari za studio na ratiba mnaliacha jambo lililo wazi. Freddie kazaliwa hapa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, baba yake mtumishi wa serikali ya Mwingereza. Mtoto kakulia Mji Mkongwe, jioni upepo wa bahari, adhana huku, kengele ya kanisa kule, mahekalu ya Wahindi, hadithi za majini na wafalme wa visiwani. Sasa isikilizeni side Black. Mazimwi wanapigana, malkia mweusi, bahari saba za Rhye. Mtoto wa Feltham kule London angeyatoa wapi hayo? Albamu ya kwanza alikuwa anaigiza rock ya Waingereza, ya pili ndio akafungua sanduku lake mwenyewe. Ukomavu ni kurudi kwenye chako.

#11 BesiNzito
Nilikuwa nahesabu posti ngapi zitapita kabla Mzanzibari hajaja kudai urithi wake. Tisa!

#12 MtotoWaMkunazini
@BesiNzito na urithi ni wetu sheikh, hata tuchelewe posti mia. Makumbusho yake yapo Shangani tokea 2019, karibu sana.

#13 Shamim_Muscat
Mimi familia yangu ni ya Unguja pia na nampenda Freddie, lakini tuseme ukweli wote. Familia yao ni Maparsi, dini yao ya Zoroaster, na yeye kapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, angali mdogo wa miaka minane hivi, kakaa huko miaka mingi, hata bendi yake ya kwanza, The Hectics, ni ya huko shuleni. Akarudi Unguja, na 1964 baada ya mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Kwahiyo ukitaka kutafuta utoto wake kwenye hizi nyimbo lazima uiweke na India, na waimbaji wa Kihindi na rock n roll aliyokuwa akiipiga kwenye piano ya shule.

Na hiyo Rhye ni nchi ya kubuni kabisa. Na yale mazimwi na vibwengo yamejaa hadithi za Kiingereza pia. The Fairy Feller's Master-Stroke umetoka moja kwa moja kwenye mchoro wa Richard Dadd, Mwingereza aliyeuchora akiwa amefungwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mchoro uko Tate, makumbusho ya sanaa ya London. Freddie aliwapeleka wenzake wakauangalie. Majina ya watu kwenye wimbo ndio watu waliomo kwenye mchoro. Hapo hapana Unguja.

#14 MtotoWaMkunazini
Dada Shamim hilo la Tate nalikubali lakini mtu anachagua mchoro gani umguse. Waingereza wangapi walipita mbele ya ule mchoro wakaenda zao?

#15 MzeeWaSanturi
Uzi umenoga. Huo wimbo wa Fairy Feller wekeni hedfoni mkiwa mmetulia. Piano na harpsichord, kile kinanda cha kizamani cha nyuzi, zinakimbizana, sauti zinaruka kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia katikati ya sentensi, kila anayetajwa anatokea upande wake. Halafu ghafla kelele zote zinaanguka na unabaki na piano laini, ndo umeshaingia Nevermore, haufiki hata dakika moja na nusu, halafu kabla hujapumua The March of the Black Queen inakuvaa. Hizo nyimbo tatu mfululizo ndo hoja yangu yote.

#16 Gitaa_Moja
Mbona kila mtu ni Freddie Freddie? Upande wa White mmeuruka kabisa. Procession, ule ufunguzi, hauna mtu anaimba, ni gitaa moja la Brian limerekodiwa tabaka juu ya tabaka mpaka linasikika kama bendi ya shaba kwenye mazishi ya mfalme. Na gitaa lenyewe, Red Special, walilitengeneza nyumbani yeye na baba yake, shingo yake ni mbao ya fremu ya meko ya zamani ya kuotea moto. Amplifaya ndogo aliyotumia pale ni ile aliyoitengeneza John Deacon, fundi wa elektroniki, vifaa aliokota.

Sasa mi naona jibu la uzi ni hilo. Hawa walikuwa wasomi! Brian alikuwa anasoma shahada ya juu ya fizikia ya anga Imperial College, Deacon ana digrii ya elektroniki, Roger alianzia udaktari wa meno akahamia baiolojia, Freddie kasomea usanifu wa michoro Ealing. Watu wa namna hiyo albamu ya kwanza kwao ilikuwa jaribio la maabara, ya pili wakarekebisha makosa.

#17 NaiRockhead
@Gitaa_Moja usomi peke yake hautoi albamu, wangekuwa wengi. Lakini hiyo amplifaya ya Deacon, Deacy amp, ni poa sana.

Na kuna kitu hamjasema. Ile hadithi maarufu kwamba mkanda ulirudiwa sana mpaka ukawa unapitisha mwanga, hiyo ni ya hii albamu, sindio? Inaonyesha kazi waliyofanya.

#18 Tarehe_Kwanza
Hapana. Hiyo inasimuliwa kuhusu Bohemian Rhapsody, 1975, albamu ya nne.

#19 FundiMitambo
Sahihi, ila mbegu yake iko hapa. The March of the Black Queen ni Bohemian Rhapsody kabla haijajifunza kujizuia. Vipande vingi vimeunganishwa, mwendo unabadilika, kuna sehemu ngoma zinaenda mbili mbili wakati kitu kingine kinaenda tatu tatu kwa pamoja, zaidi ya dakika sita. Hata jukwaani hawakuuweza mzima, walikuwa wanapiga kipande tu ndani ya mchanganyiko wa nyimbo.

#20 Sauti_ya_Chuma
Samahani wakuu mi napinga mada yenyewe. Kukomaa sio kurundika. Queen II ni vijana waliopewa chumba cha vitu vya kuchezea wakacheza navyo vyote. Nakubali ni nzuri, ila ukomavu ni kujua nini cha kuacha, na hilo lilikuja Sheer Heart Attack, Novemba mwaka huo huo 1974. Killer Queen dakika tatu tu, kila kitu kiko mahali pake, ikafika namba 2 Uingereza. Na ile walirekodi katika shida, Brian aliugua homa ya ini Mei wakiwa Marekani na Mott the Hoople, ziara ikakatika kwao, baadaye akalazwa tena, wenzake wakawa wanarekodi na kumuachia nafasi za gitaa lake. Shida ndo ilikomaza.

Mkitaka albamu ya pili iliyokomaa kweli ni The Bends ya Radiohead, Machi 1995. Pablo Honey, albamu yao ya kwanza ya 1993, ilikuwa na wimbo mmoja mkubwa, Creep, na nyimbo zinazoisindikiza. Creep ikawakaba shingo, kila shoo watu wanasubiri hiyo tu wakishaisikia wanaondoka. Wakaenda studio ya RAK na prodyuza John Leckie, mwanzo hawaendi popote, mpaka wakatoka wakapiga shoo, na wimbo wa My Iron Lung ule mnaousikia kwenye albamu muziki wake umerekodiwa jukwaani ukumbi wa Astoria London, Mei 1994, wakabadilisha sauti ya mwimbaji tu. Huo wimbo unailalamikia Creep yenyewe. Hapo ndo unaona mtu anakua.

#21 BesiNzito
@Sauti_ya_Chuma umeona? Astoria. JUKWAA.

#22 NaiRockhead
The Bends nakubali asilimia zote. Lakini sababu zao zinatofautiana kabisa. Radiohead walikuwa wanakimbia hit. Queen wa 1973 hawakuwa na hit ya kukimbia, singo yao ya kwanza, Keep Yourself Alive, haikuingia hata kwenye chati. Arctic Monkeys nao, 2006 walivunja rekodi ya mauzo ya wiki ya kwanza kwa albamu ya kwanza Uingereza, mwaka uliofuata tu Aprili wakatoa Favourite Worst Nightmare, nzito na ya kasi zaidi, kabla presha haijawakuta. Kila mtu na dawa yake.

#23 Dada_Vinyl
Mabibi na mabwana, kabla ya kuendelea na Radiohead mjue bila bahati hakuna ambaye angejua kama Queen wamekomaa. Februari 1974 Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, walikosa filamu ya Bowie ya wimbo wa Rebel Rebel, wakahitaji mtu wa kuziba pengo kwa haraka, wakaitwa Queen, wakapiga Seven Seas of Rhye wakati singo yenyewe haijafika madukani! Ikabidi itolewe chapchap siku chache baadaye. Ikafika namba 10, albamu ikafika namba 5. Tena huo wimbo kwenye albamu ya kwanza upo, kipande kifupi cha muziki mtupu kinachofungia. Kwenye ya pili ukakamilika, una maneno, una piano ya mwanzo ile inayoteremka mbio, unaishia watu wanaimba kiwimbo cha zamani cha pwani za Uingereza. Mkitaka kipimo cha hizo albamu mbili kwa wimbo mmoja, ni huo.

Na kava! Mick Rock alipiga picha akifuata picha ya zamani ya Marlene Dietrich, nyuso nne kwenye giza, Freddie mikono imevuka kifuani. Picha hiyo hiyo ndo ikaja kuwa video ya Bohemian Rhapsody. Bendi iliyojua inafananaje, inajijua.

#24 Shamim_Muscat
@Dada_Vinyl hilo la Rhye ni zuri mno. Nimeenda kusikiliza kipande kile sasa hivi, kweli wazo lilikuwepo zima ila hakulimaliza. Kwahiyo labda nyimbo zenyewe hazikuwa mpya, Brian wimbo wa White Queen aliuandika 1968 hata bendi ya Queen haijaundwa. Walikuwa nazo, walichokosa ni njia ya kuzitoa.

#25 FundiMitambo
Ndo nilichosema tokea posti #6. Ratiba.

#26 MtotoWaMkunazini
Ratiba haiandiki malkia mweusi, fundi.

#27 Sauti_ya_Chuma
Na magazeti ya Uingereza wakati ule hayakuipenda, waliona imezidi mno. Ukweli uko katikati, ila mi nimebaki na Sheer Heart Attack.

#28 MzeeWaSanturi
@Sauti_ya_Chuma magazeti waliipiga, lakini Axl Rose wa Guns N' Roses na Billy Corgan wa Smashing Pumpkins wanaitaja hii hii kati ya albamu zilizowalea. Wanamuziki walisikia kilichofanyika humo.

Wachangiaji wote asanteni. @Tarehe_Kwanza nimekupata kwenye tarehe, lakini ata kama ni mwaka mmoja badala ya miezi minane bado safari ni ndefu mno. Ratiba inaeleza sauti ilivyokuwa safi. Haielezi ujasiri wa kuifunga Procession kwenye Father to Son na kusema hii ndo albamu yetu, chukueni au acheni.

#29 Kilimahewa
Wakuu swali la mwisho kwangu, Some Day One Day anaimba nani? Nimeisikiliza mara ya kwanza leo, sio Freddie hiyo.

#30 Gitaa_Moja
Brian mwenyewe. Ndo mara yake ya kwanza kuimba wimbo mzima kwenye albamu ya Queen. Na ule unaofuata, The Loser in the End, ni wa Roger, kaandika na kaimba yeye. Kilimahewa, rudia Some Day One Day pale mwishoni sauti inapofifia, kuna magitaa matatu yanapiga solo tofauti kwa wakati mmoja, kila moja linaenda njia yake. Ongeza sauti maana wameyashusha mapema.

#31 BesiNzito
Na besi ya Deacon pale chini hakuna anayeitaja, uzi mzima. Nafungua wa kwake kesho.